Kupiga watoto nje kwa kamera ya filamu yenye fokasi ya mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaopiga watoto nje, Arusha na Moshi, kwa kamera zisizojiwekea fokasi: Pentax K1000, Nikon FM na FM2, Canon AE-1, Olympus OM-1, Zenit na ndugu zao. Vipimo vyote ni vya filamu ya milimita 35. Saa zimeandikwa kwa Kiswahili.

Mtoto wangu hatulii. Nikimaliza kuzungusha fokasi ameshahama. Nakosea wapi?

Unamfukuza kwa pete ya fokasi, na mbio hizo huzishindi. Piga hesabu. Mtoto anayekimbia mita tatu kwa sekunde husogea sentimita 75 ndani ya robo sekunde, na robo sekunde ndiyo muda unaopita kati ya jicho kuona "hapo sawa" na kidole kubonyeza. Lenzi ya milimita 50 ikiwa imefunguliwa f/2 (namba ya f ni ukubwa wa tundu la lenzi: namba ndogo, tundu kubwa), na mtoto akiwa mita tatu, ukanda mkali (yaani sehemu ya mbele hadi nyuma ambayo itatoka bila ukungu) una kama sentimita 43 tu. Ulichokiona kikali kwenye kioo sicho kitakachoandikwa kwenye filamu.

Geuza kazi. Fokasi ikae mahali pamoja, mtoto ndiye aje. Weka pete kwenye mita tatu, tundu la lenzi f/8, kisha usiiguse tena. Kwa lenzi ya milimita 50 chochote kilichoko kati ya mita 2.3 na mita 4.2 kitatoka kikali kwa picha ya ukubwa wa kawaida. Ukifunga hadi f/11 unapata kutoka mita 2.15 mpaka karibu mita tano. Kazi yako iliyobaki ni kutazama uso na kungoja aingie. Akiwa anakujia moja kwa moja, bonyeza akiwa bado hajafika kwenye alama uliyoikusudia, maana kidole na kioo cha ndani cha kamera vitakula sehemu ya muda wake.

Mtoto aliyekaa chini karibu nawe, anachezea mchanga au anakula embe, anahitaji njia nyingine. Weka pete kwenye mita moja, inama, kisha sogeza kiwiliwili chako mbele na nyuma taratibu mpaka jicho lake lionekane kali. Mgongo una wepesi kuliko vidole, na haubabaiki kuhusu upande wa kuzungusha. Hilo la upande lisidharauliwe: lenzi za Nikon huzunguka kinyume na za Canon, kwa hiyo anayeazima kamera ya mwenzake hupoteza nusu ya mkanda kwa kuzungusha kusikotakiwa.

Weka alama kwenye lenzi. Tone dogo la rangi ya kucha mahali pa mita tatu linatosha kwa macho. Kwa vidole, kata ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, uvishe kwenye pete, na ubandike juu yake kipande cha mpira kama punje ya hindi, mahali ambapo kidole gumba kitakikuta pete ikiwa kwenye mita tatu. Baada ya mikanda miwili mitatu utajua umbali bila kuangalia.

Nitajuaje kuwa pale ni mita tatu? Sitembei na futi.

Hatua nne za mtu mzima, za kutembea kawaida, hukaribia mita tatu. Zipime zako mara moja nyumbani kwa futi ya fundi. Ukiwa na kanga, ni rahisi zaidi: kanga moja ina urefu wa karibu mita moja na nusu, kwa hiyo doti ambayo haijakatwa ni mita tatu. Itandaze uwanjani, simama ncha moja, tazama ncha ya pili kwa dakika nzima. Jicho hujifunza haraka. Kamera yenyewe pia ni futi: weka fokasi kwenye jiwe, soma namba kwenye pete.

Michezo gani inafaa kwa kamera ya namna hii?

Ile yenye kitu kisichohama. Hapa ndipo mpiga picha wa mtaani ana bahati, kwa sababu michezo mingi ya watoto wetu ina mahali ambapo kila mchezaji lazima afike.

Rede ya kujaza chupa mchanga ni ya kwanza. Wawili wanarusha mpira kutoka pande mbili, aliye katikati anakwepa huku akirudi kwenye chupa. Weka fokasi kwenye chupa, simama ubavuni mwa mchezo ili mpira upite kushoto kwenda kulia mbele yako na usije usoni kwako. Aliye katikati atahangaika kwenda huku na huku lakini umbali wake kutoka kwako hautabadilika sana. Kasi ya shata (muda ambao pazia la kamera hubaki wazi) iwe 1/500 ya sekunde, kwa sababu anaruka na kujikunja. Usisubiri mpira umguse. Uso mzuri ni ule wa sekunde moja kabla, macho yakiufuata.

Kombolela: fokasi iwe kwenye kopo. Kaa chini, goti ardhini, kamera usawa wa kiuno cha mtoto, kopo likiwa mita tatu mbele yako. Wote waliojificha wana sababu moja tu ya kutoka, nayo ni hilo kopo. Shida hapa ni uvumilivu, kwani dakika kumi zinaweza kupita bila picha, kisha watoto wanne wakatokea pamoja. Hakikisha shata imekokwa mapema, yaani filamu imeshavutwa mbele tayari kwa picha. Kukoka tena kwa kidole gumba kunachukua nusu sekunde au zaidi, kwa hiyo kwa kila mbio una picha moja, pengine mbili.

Bembea ina siri yake. Juu kabisa, kabla ya kurudi, mtoto husimama hewani kwa kitambo kidogo, na hapo hata 1/125 inaweza kumkamata. Ukisimama ubavuni, nguzo ya bembea ndiyo fokasi yako. Ukisimama mbele, mwombe mtu azuie bembea pale inapofika mwisho upande wako, weka fokasi kwenye kiti, kisha iachiwe. Usisimame karibu kiasi cha kupigwa miguu. Watu wamepasua vioo vya lenzi hivyo.

Kuruka kamba ni rahisi kuliko inavyoonekana. Mtoto hupanda na kushuka palepale, kwa hiyo fokasi haipotei. Piga akiwa juu. Kwa 1/250 uso utakuwa mkali na kamba itachora upinde uliofifia, jambo ambalo kwa maoni yetu linapendeza kuliko kamba iliyoganda.

Chandimu ni mgumu. Mpira hauna adabu na wachezaji nao vivyo hivyo. Achana na katikati ya uwanja. Kaa pembeni mwa goli, weka fokasi kwenye ndala au mawe yanayotumika kama milingoti, na ngoja. Anayesukuma tairi kwa kijiti barabarani, chagua jiwe atakalopita, weka fokasi hapo. Mdako nao ni wa kukaa, kwa hiyo f/4 inatosha, na mikono ina mengi ya kusema kuliko nyuso.

Niseti kasi na tundu gani?

Anza na kasi, kisha tundu lifuate. Aliyekaa: 1/125. Anayetembea au kucheka kwa mwili mzima: 1/250. Anayekimbia: 1/500. Anayekimbia kukatiza mbele yako, karibu: 1/1000. Chini ya hapo picha inacheza, na picha iliyocheza watu wengi huilaumu fokasi bure. Angalia alama: kama mtoto ana mikia ya upande mmoja lakini majani ya chini ni makali, kasi ndiyo ilikuwa ndogo. Kama majani ya nyuma yake ni makali na yeye ana ukungu wa pande zote, fokasi imemkosa.

Vipimo hivi (ASA ni wepesi wa filamu kupokea mwanga) vinafaa kuanzia hata mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, ikiwa imekufa:

Jua kali, vivuli vyenye kingo: ASA 200, 1/500 na f/11, ASA 400, 1/1000 na f/11.
Jua lenye utando wa wingu, vivuli laini: ASA 200, 1/500 na f/8, ASA 400, 1/1000 na f/8.
Mawingu, hakuna kivuli: ASA 200, 1/500 na f/5.6, ASA 400, 1/500 na f/8.
Kivuli cha nyumba, mbingu wazi juu: ASA 200, 1/250 na f/5.6, ASA 400, 1/500 na f/5.6.
Chini ya migomba au mwembe mzito: ASA 200, 1/250 na f/2.8, ASA 400, 1/250 na f/4.

Ukizitazama utaona kwa nini tunashauri ASA 400 kwa watoto wanaokimbia. Juani unaweza kujitahidi na 200, ila wingu likifunika tu, f/8 yako inaondoka na ukanda mkali unaondoka nayo. Kodak Ultramax 400 kwa rangi na Ilford HP5 Plus kwa nyeusi na nyeupe zinatosha kabisa. Zenit-E yenye mwisho wa 1/500 ni bora iwekwe ASA 200 au chini, vinginevyo juani utalazimika kufunga f/16.

Lenzi ipi?

Ya milimita 35, kama unaipata. Ikiwa f/11 na fokasi mita tatu, inashika kutoka mita 1.7 hadi mita 15, na hapo hufikirii fokasi tena. Ya milimita 50 iliyokuja na kamera ni ya pili, na kwa wengi ndiyo pekee. Ya 85 au 135 iache kwa mtoto aliyekaa: 85 kwenye f/4, mtoto akiwa mita tatu, inakupa kama sentimita 30 tu, na akigeuza kichwa ghafla umepata sikio.

Lakini mimi nataka nyuma ipotee kabisa. Nifungue f/1.8?

Kwa mtoto anayelala au anayesikiliza hadithi, sawa. Kwa mita moja na nusu kwenye f/2, ukanda mkali ni kama sentimita 11, hivyo jicho la karibu litakuwa kali na pua inaweza isiwe. Kuna tatizo jingine la huku: juani kwa ASA 400, f/2 inadai kasi ambayo hakuna kamera kati ya hizi inayo. FM2 hufika 1/4000 na bado haitoshi. Njia rahisi ya kupoteza nyuma ni kumsogeza mtoto mbali na ukuta. Mita sita za uwanja mtupu nyuma yake, f/4, kivulini, nyuma italainika vya kutosha.

Kile kiduara cha katikati kinachogawanyika: nusu yake imekuwa nyeusi. Kimeharibika?

Hapana. Huwa hivyo lenzi ikiwa na tundu dogo, f/5.6 na kuendelea, kama zile za zamani za kuvuta picha karibu (zoom), au jicho lako likiwa halijakaa katikati ya kitundu cha kuchungulia. Tumia sehemu ya kioo iliyo nje ya kiduara. K1000 ya kawaida haina mgawanyiko huo. Ina vichembe vinavyometameta mpaka fokasi ikae.

Mgawanyiko hutaka mstari wa kuukata. Shavu la mtoto halina mstari. Tafuta ukosi wa shati, shingo ya sweta la shule, vifungo, ukingo wa uso dhidi ya nyuma yenye mwanga. Macho yamelala mlalo na mgawanyiko nao umelala mlalo, kwa hiyo inamisha kamera kidogo, weka fokasi kwenye kope, kisha uinyooshe upige.

Saa ngapi za kupiga?

Arusha na Moshi ziko karibu nyuzi tatu kusini mwa ikweta. Katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita utosini kabisa, na miezi mingine halijifichi mbali. Kuanzia saa tano hadi saa tisa mtoto akisimama uwanjani, paji la uso linawaka, macho yanazama kwenye mashimo meusi, na ananuna kwa sababu jua linamuumiza. Hakuna lenzi inayotibu hilo.

Piga saa moja hadi saa tatu asubuhi, au kuanzia saa kumi jioni. Jioni usijiamini sana, kwani jua likishazama giza linafika ndani ya kama dakika ishirini. Pima mwanga upya kila baada ya dakika tano, la sivyo picha za mwisho zitakuwa za kijivu.

Ukilazimika mchana, tumia ukingo wa kivuli. Mtoto asimame hatua moja ndani ya kivuli cha nyumba au mwembe, uso ukitazama uwanja wenye jua. Udongo mwekundu wa huku hurudisha mwanga wa joto kutoka chini na kujaza macho. Akiingia hatua nne ndani, mwanga huo unakwisha. Shuka jeupe lililotandazwa juani mbele yake hufanya kazi hiyohiyo bila wekundu.

Juni hadi Agosti, mawingu ya asubuhi yanayolalamikiwa na watalii wanaotaka kuuona mlima ndiyo mwanga bora wa watoto. Hakuna vivuli, hakuna kukunja uso, unaweza kuzunguka upande wowote. Unalipa stopu mbili (kila stopu ni kupungua kwa mwanga kwa nusu), na ASA 400 inazilipa.

Uso wa mtoto umetoka mweusi, macho hayaonekani, na shati la shule limewaka. Mita imenidanganya?

Mita imefanya kazi yake. Inachukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Shati jeupe likijaa kwenye fremu, au mbingu ikiwa nyuma ya kichwa, inakuambia ufunge tundu, na ngozi nyeusi ndiyo inayolipa.

Pima ngozi. Kama ngozi yako inakaribiana na ya mtoto, nyoosha mkono wako kwenye mwanga uleule, nyuma ya kiganja ikielekea inakoelekea sura yake, sogeza kamera mpaka mkono ujaze kioo bila kuufunika kwa kivuli chako, soma, seti, usibadilishe kitu. Kipimo hicho kinampa mtoto mwanga kidogo zaidi ya uhalisia, na filamu ya negativu inaupenda huo. Shati litapanda juu lakini filamu italishika. Kwenye uchapaji au skani litarudi. Kinyume chake hakirekebishiki: kivuli ambacho hakikuandikwa hakipo. Ndiyo maana wengi hutumia filamu ya rangi ya ASA 200 wakiwa wameseti mita kwenye ASA 100.

Usipime kiganja cha ndani kwa mazoea ya vitabu. Ni cheupe kuliko uso, na utajikuta unapunguza mwanga. Nyasi mbichi zilizo kwenye mwanga uleule ni kipimo kizuri zaidi.

Jua likiwa nyuma ya mtoto, pima usoni kwa karibu au fungua stopu mbili zaidi ya kile mita inachosema, na ukinge lenzi kwa mkono au kofia jua lisiingie moja kwa moja.

Picha za kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, zimetoka na nyuso za kijani. Kwa nini?

Mwanga umechujwa na majani ya migomba kabla ya kufika usoni, na majani mengine yanaurudisha kutoka pembeni. Huko Kibosho na Machame, mtoto akiwa katikati ya migomba, hakuna fundi wa kuchapa atakayeuondoa wote. Mtoe hadi penye upenyo ambapo anaiona mbingu, migomba ibaki nyuma. Au weka filamu nyeusi na nyeupe, na tatizo linakwisha. Jakaranda za Arusha zikichanua, Oktoba na Novemba, hazina shida hiyo: matawi ni mepesi na mbingu inapenya.

Nitumie flashi kujaza vivuli?

Kwa kamera nyingi za namna hii, mchana, haiwezekani. K1000 na AE-1 zinakubali flashi kwa 1/60 au polepole zaidi. Juani, ASA 200 kwa 1/60 inadai f/32, na lenzi haina. FM2 inaruhusu 1/200 au 1/250 kutegemea toleo, hiyo inaweza. Wengine wote, shuka jeupe.

Picha zote zimekaa kali nyuma ya mtoto. Ni mimi au kamera?

Kama alikuwa anakuja kwako, ni wewe: umebonyeza baada ya yeye kupita alama. Kama alikuwa amekaa kimya na bado fokasi iko nyuma, ipime kamera.

Panga viberiti vitatu vimesimama mezani, kila kimoja sentimita tano nyuma ya mwenzake na kidogo pembeni, cha katikati kikiwa mita moja kutoka kwenye kamera. Kamera ikae juu ya vitabu au stendi. Fungua tundu lote, weka fokasi kwenye maandishi ya kiberiti cha katikati. Sasa, kamera ikiwa haina filamu, fungua mlango wa nyuma, nyoosha selotepu isiyong'aa juu ya reli mbili ambazo filamu hupita, seti shata B na uishikilie wazi kwa waya wa kubonyezea. Picha itaonekana kwenye selotepu, kichwa chini. Itazame kwa kioo cha kukuza, ukijifunika kanga kichwani. Kiberiti cha katikati kiwe ndicho kikali. Kikiwa cha nyuma, kioo cha ndani au kile cha kuchungulia hakijakaa mahali pake, na hiyo ni kazi ya fundi. Usiguse pazia la shata kwa kidole wala kwa selotepu.

Kipimo cha haraka: elekeza lenzi kwenye mnara wa simu ulio zaidi ya kilomita moja, pete ikiwa mwisho kabisa. Mgawanyiko wa mnara ukikataa kuungana, kuna jambo. Na kama unavaa miwani ya kuona mbali, vaa wakati wa kuchungulia.

Nikitoa kamera tu watoto wa mtaa mzima wanajaa mbele ya lenzi. Nafanyaje?

Wape hiyo picha kwanza. Lenzi ya 35, f/11, fokasi mita mbili: kutoka mita 1.3 hadi 4.3 wote watakuwa wakali. Piga moja, waambie imetosha, kisha kaa chini na kamera mapajani. Kamera isiyo na kioo cha kuonyesha picha nyuma huchosha watoto haraka; wakishajua hakuna cha kuona wanarudi kwenye mchezo, na hapo ndipo kazi inaanza. Ukiahidi kuleta picha, leta.

Salamu nayo ni nafasi. Mtoto anayekuja kukuamkia "shikamoo" husimama mbele yako, akainua macho, akangoja "marahaba". Hapo ana sekunde moja ya utulivu, umbali wa kama mita moja. Itikia kwanza.

Nahitaji ruhusa?

Ndiyo, ya mzazi au mlezi, kabla ya kupiga, na useme picha zitakwenda wapi. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Shuleni anza ofisini kwa mwalimu mkuu. Picha ya mtoto anayeoga, aliye uchi au mgonjwa isipigwe hata mama akikubali.

Betri na mita vinanisumbua.

K1000 haina swichi ya kuzima mita. Bila kifuniko cha lenzi betri inakwisha kwenye begi. AE-1 bila betri haipigi kabisa. K1000, FM2 na OM-1 hupiga, mita tu ndiyo inayokufa. OM-1 iliundwa kwa betri ya zebaki ya volti 1.35 ambayo haiuzwi tena. Ukiweka ya kawaida ya volti 1.5 mita huona mwanga mwingi kuliko uliopo na picha zinatoka nyeusi. Betri ya kifaa cha kusaidia kusikia, namba 675, ina volti 1.4 na inakaribia zaidi, ila itahitaji pete ndogo ya kuishikilia.

Nimepiga picha 36, filamu imerudi tupu.

Haikunasa kwenye mhimili. Baada ya kufunga mlango, kaza kidogo kishikio cha kurudishia filamu, kisha koka: kishikio hicho lazima kizunguke kila unapokoka. Kisipozunguka, fungua uanze upya. Na namba ikipita 38 bila kugoma, shuku.

Vumbi, joto na mvua?

Kiangazi, vumbi la Moshi huingia kwenye mdomo wa kopo la filamu na kuchora mstari mmoja mrefu kwenye picha zote. Badilisha filamu ndani ya nyumba au ukiwa umeupa upepo mgongo, na pulizia ndani kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo. Filamu usiiache kwenye gari lililofungwa juani. Ikitoka kwenye friji, ikae saa nzima kabla ya kufunguliwa kopo. Masika, lenzi isilale kwenye mfuko wa ngozi. Ukungu wa kuvu huota kwenye vioo.

Kuna michirizi ya rangi ya chungwa pembeni mwa picha.

Sponji za kuzuia mwanga kwenye kingo za mlango zimeoza. Zikiguswa zinanata kama lami. Jua la huku hupenya penye upenyo ambao mahali penye mawingu usingeuona kamwe. Zikwangue kwa kijiti cha mbao na spiriti, ukielekeza uchafu nje, mbali na pazia la shata, kisha bandika uzi mweusi wa sufu ndani ya mfereji na kipande cha feliti nyeusi cha milimita moja na nusu upande wa bawaba. Kabla hujapata nafasi ya kufanya hivyo, funga kingo zote za mlango kwa utepe mweusi wa umeme baada ya kuweka filamu, na kamera ikae ndani ya begi kati ya picha na picha.